Poschiavo, Mlikuwa Mnatuficha Nini Kingine?

Nianze na hukumu, maana siwezi kuizuia mdomoni: Valposchiavo ni bonde tamu kuliko bonde lolote la Alps nililowahi kutia mguu, na utamu ninaousema ni wa ulimi kabisa. Wenzangu wanaokwenda Uswisi hurudi na picha za theluji na mabegi ya chokoleti. Hakuna hata mmoja aliyeninong'oneza kwamba kule kusini mwa jimbo la Graubünden, Uswisi inapojipenyeza ndani ya Italia, kuna watu wanaozungumza Kiitaliano, wanaolima mnanaa karibu na ziwa, wanaokula tambi za rangi ya majivu zilizolowa siagi, na ambao treni yao hupita katikati ya barabara ya kijiji huku magari yakiisubiri kwa adabu. Jamani! Mambo kama haya mtu atayajuaje asipoambiwa? Basi mimi nawaambia.

Safari yenyewe ni nusu ya karamu, na hapa nisikilizeni vizuri: pandeni treni ya kawaida. Wakala wa safari atawauzia Bernina Express, ile yenye vioo vinavyopanda hadi darini, ya kuwekea nafasi mapema na kuongezea pesa. Ni nzuri, sikatai. Lakini vioo vyake havifunguki. Treni ya kawaida inapita kwenye reli ileile, inaona milima ileile, na ukibahatika kupata behewa la zamani unashusha dirisha na kutoa kichwa nje. Bonde hili huanza kuonjwa kwa pua. Kule juu kabisa hakuna harufu yoyote, ni baridi ya mawe tu. Ukishuka kidogo unapokewa na utomvu wa misonobari. Ukishuka tena zinakuja nyasi zilizokatwa jana, zinazoanikwa kwa ajili ya ng'ombe wa msimu wa baridi, na hapo tumbo linaanza kuuliza maswali.

Reli ya Bernina ilikamilika mwaka 1910, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza, pamoja na ndugu yake reli ya Albula, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kutoka St. Moritz hadi Tirano, mji wa Italia inakoishia, ni kilomita 61. Kituo cha juu, Ospizio Bernina, kiko mita 2,253 juu ya usawa wa bahari. Tirano iko mita 429. Mteremko wote huo, ambao mahali pengine unafika mita 7 kwa kila mita 100, treni inaushuka bila reli ya meno, chuma kikikanyaga chuma. Karibu na Ospizio kuna maziwa mawili yaliyokaribiana, na kati yake maji ya Ulaya yanaagana: ya Lej Nair yanaelekea kaskazini hadi kwenye mto Danube na Bahari Nyeusi, ya Lago Bianco yanateremka kusini hadi mto Po na bahari ya Adriatiki. Nilitamani kumwambia kila abiria. Wengi walikuwa kwenye simu.

Shukeni kituo cha Alp Grüm. Hapo ni mita 2,091, na ng'ambo ya korongo barafu ya kudumu ya Palü inaning'inia kwenye mwamba. Kisha fanyeni nilivyofanya: iacheni treni iende zake, mshuke kwa miguu. Njia inateremka kupitia Cavaglia, uwanda mdogo ambako barafu ya enzi za kale, ikiyeyuka, ilizungusha mawe ndani ya maji hadi yakachimba mashimo ya duara kwenye mwamba, laini kama ndani ya chungu. Wenyeji wamezibua nyingi kati ya sufuria hizo za mawe na kuweka vijia na ngazi za kuzitazama. Njiani reli inajikunja mara kwa mara; unaisikia treni juu yako, baada ya muda inapita chini yako, kisha unaikuta imekutangulia tena mbele. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Neno kwa wasomaji wa Nairobi: kijiji cha Poschiavo kiko mita 1,014 tu, chini sana kuliko mji wenu. Kwa hiyo mkitweta hapa msisingizie hewa nyembamba. Ni magoti.

Na sasa chakula, ndicho kilichonileta kuandika.

Migahawa na wazalishaji wa bonde hili wamejiwekea alama inayoitwa 100% Valposchiavo. Maana yake ni kali kuliko inavyosikika: chakula chenye alama hiyo lazima viungo vyake vitoke bondeni na kitengenezwe bondeni. Unga, maziwa, nyama, mboga. Mgahawa ulioingia kwenye mpango huu unaahidi kuwa na angalau vyakula vitatu vya aina hiyo kwenye orodha yake. Ipo na alama ya pili, Fait sü in Valposchiavo, kwa vitu vilivyotengenezwa hapa hata kama malighafi fulani imetoka nje, jambo ambalo nimelipenda kwa uaminifu wake. Kahawa haioti Alps na hakuna anayejifanya inaota. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya kilimo bondeni inalimwa bila mbolea za viwandani wala dawa za sumu, kwa kanuni za kilimo hai. Bonde zima! Kwingine nimezoea kuona shamba moja la aina hiyo likijitangaza kwa bango kubwa kuliko shamba lenyewe.

Sasa leteni sahani ya pizzoccheri. Hizi ni tambi fupi, pana, zilizokatwa kwa kisu kutoka kwenye donge la unga wa grano saraceno. Punje hiyo inatumika kama nafaka lakini si ndugu wa ngano hata kidogo. Ukoo wake ni ule wa mchachu wa bustanini na rubabu. Ilifika Ulaya kutoka Asia, na milimani ikapendwa kwa sababu moja ya maana: inaiva haraka, hivyo katika bonde lenye kiangazi kifupi unaweza kuvuna nafaka nyingine kwanza kisha uipande na bado ikawahi kabla ya jalidi. Haina ule ulaini unaovutika wa ngano, kwa hiyo wapishi huchanganya na unga wa ngano kidogo ili tambi zisivunjike chunguni. Rangi yake ni ya kijivu chenye madoa. Kwa macho, nakiri, haivutii.

Lakini ngojeni. Ndani ya sufuria moja vinachemka viazi, mboga za majani na tambi, kila kimoja kikiingia kwa zamu yake ili vyote viive pamoja. Mboga ni kabichi wakati wa baridi, na wakati wa joto ni ile yenye shina nene jeupe inayouzwa masoko ya Nairobi kwa jina la spinachi. Vikiiva vinachujwa na kupangwa kwenye bakuli, tabaka la tambi, tabaka la jibini la mlimani, tabaka tena, jibini tena. Halafu, hapa nilishika ukingo wa meza, mpishi anamwagia siagi iliyokaangwa na kitunguu saumu na majani ya seji mpaka ikanukia karanga. Inafika mezani ikichemka. Jibini linavutika kutoka bakulini hadi mdomoni. Ladha ya kwanza ni udongo, kisha moshi kidogo, kisha utamu wa viazi, na seji inakuja mwisho kuwasafishia njia wote. Watu wa Teglio, upande wa Italia, watakwambia chakula hiki ni chao, na mimi sitaingia kwenye ugomvi wa majirani mdomo ukiwa umejaa.

Polenta nayo ipo, na hapa Mswahili yuko nyumbani. Ni ugali. Mahindi yaleyale yaliyovuka bahari kutoka Amerika yakatufikia sisi na yakawafikia wao, sufuria ileile, mwiko uleule, na bibi yuleyule anayekukemea ukiacha kukoroga. Tofauti ni kwamba wao hupenda kuuchanganya na unga wa grano saraceno, na kabla haujaepuliwa hutupia humo jibini na siagi bila haya. Nilijaribu kuula kwa mkono, kwa kumega tonge kwa kidole gumba, na mhudumu akaniletea leso ya ziada bila kusema neno. Mwenyeji mwema huyo.

Mkate wao unaitwa brasciadela: duara lenye tundu katikati, wa unga wa rai, wenye mbegu za anisi ndani. Tundu halikuwekwa kwa urembo. Zamani familia zilioka mikate mingi kwa mkupuo mmoja, zikaitunga kwenye mti na kuitundika ikauke, ikaliwa wiki hadi wiki. Ukiwa mpya unatafunika vizuri na harufu ya anisi inapanda puani. Ni jirani wa karibu wa shamari yetu ya pwani. Kata kipande, weka jibini na nyama kavu ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, tia mfukoni, panda mlima. Sijui chakula cha safari kinachouzidi huo.

Kuna historia ya uokaji hapa inayostahili kusimuliwa ukiwa umekaa uwanjani katikati ya kijiji. Umaskini uliwatoa watu wengi bondeni, na waliotoka walikwenda kupika keki. Katika karne ya 19 Waposchiavo walikuwa na mikahawa na maduka ya keki katika miji ya Hispania na kwingineko Ulaya. Waliofanikiwa walirudi na pesa, wakajenga safu ya nyumba zenye rangi za waridi, njano na bluu isiyokolea kwenye Via dei Palazzi, mtaa ambao hadi leo unatajwa kama mtaa wa Wahispania. Nyumba za kifahari zilizojengwa kwa sukari na krimu, chini ya mlima Sassalbo! Mtu yeyote mwenye mjomba aliyekwenda kutafuta maisha Muscat au Dubai akarudi kujenga ghorofa kijijini ataelewa mtaa huu kwa kuutupia jicho tu.

Kutoka kijijini treni inaendelea hadi Le Prese, na hapa ndipo inapogeuka kuwa tramu: reli inaingia barabarani, inapita kati ya nyumba, na dereva wa gari anaegemea usukani akingoja. Upande wa pili ni ziwa, Lago di Poschiavo, lililozaliwa pale maporomoko makubwa ya mlima yalipoziba bonde. Kulizunguka kwa miguu ni kazi ya kama saa mbili, tambarare, hata kwa watoto. Na karibu na maji kuna mashamba ya mitishamba. Hapo ndipo nilipoteza adabu.

Wazia mistari ya mnanaa, kisha mistari ya melisa yenye harufu ya limau, seji, zaatari, kamomili, maua ya bluu ya fiordaliso na ya rangi ya chungwa ya kalendula, vyote chini ya milima yenye theluji masikioni. Bonde linatazama kusini; jua ni jingi, usiku ni baridi, na mmea unaoishi hivyo hutengeneza mafuta mengi yenye harufu. Kwa kuwa hakuna dawa ya kuulia magugu, kazi ya kupalilia ni ya jembe na mgongo. Baada ya kuvuna kinachofuata ni mbio: majani yaliyokatwa yakilundikana yanapata joto, yanabadilika rangi, na harufu inapotea. Kwa hiyo hupelekwa haraka kwenye vyumba vya kukaushia, joto la wastani tu, hewa ikipita. Ukifungua pakiti ya chai kutoka kwenye duka la Raselli, kampuni ya mitishamba iliyopo hapohapo Le Prese, unaona jani bado kijani na ua bado bluu. Mimi nimelelewa kwenye chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, na huwa sina imani na maji ya moto yaliyotiwa majani. Nimeingia kwenye imani hiyo mpya kwa kikombe kimoja cha mnanaa usio na sukari. Nilinunua pakiti nyingi kuliko mkoba ulivyotaka.

Juu zaidi, mitishamba haipandwi, inaota tu. Panda basi la njano la posta, au tembea, hadi Sfazù, kisha ingia Val di Campo. Njia inapanda taratibu katikati ya misonobari na malisho hadi kwenye Lagh da Saoseo, mita 2,028, ziwa dogo lenye maji ya bluu ambayo nisingeamini kama ningeyaona kwenye picha. Chini kabisa unaona magogo yaliyolala. Mbele kidogo, juu zaidi, kuna Lagh da Val Viola, ambalo lina watu wachache na upepo mwingi. Mabango ya njano ya Uswisi hayakwambii kilomita, yanakwambia saa na dakika, na yamepimwa kwa miguu ya Mswisi, ongezeni kidogo. Alama ya nyeupe, nyekundu, nyeupe kwenye mawe ni njia ya mlima, inataka viatu vya kushika. Nyeupe, bluu, nyeupe ni ya wazoefu, na kwa hiyo niliipungia mkono nikapita.

Kando ya njia hizo niliona arnika ya manjano, zaatari mwitu iliyokanyagwa na ng'ombe hadi hewa yote ikanukia, na kimmea kidogo chenye maua meupe kiotacho kwenye kokoto ambacho kule Valtellina, upande wa Italia, wanakiita taneda. Sugua jani lake vidoleni: uchungu, kafuri, asali, kwa mpigo. Ni mmoja wa mimea inayoingia kwenye Braulio, kileo kichungu kilichobuniwa mwaka 1875 na mfamasia Francesco Peloni kule Bormio, nyuma ya milima hiyohiyo. Mzizi wa jentiana ya manjano nao umo. Lakini sikilizeni, na hili si la mzaha: jentiana ina pacha wake mwenye sumu, veratrum, na zote mbili huota malisho yaleyale, majani makubwa yenye mistari. Jentiana majani yake hukaa mawili mawili, yakitazamana kwenye shina. Ya veratrum hupishana, moja upande huu, lingine juu zaidi upande ule. Watu hudhurika kwa kuchanganya. Acheni kuchuma. Nuseni, pigeni picha, na mkitaka kunywa nunueni kwa wanaojua.

Aliye na miguu yenye nguvu apande San Romerio, kanisa dogo la mawe lililosimama ukingoni mwa genge, zaidi ya mita 800 juu ya ziwa. Mimi nilifika nikiwa sina hata sauti ya kushangaa. Chini zaidi bondeni, Brusio, treni inazunguka duara kamili juu ya daraja la matao tisa ili ipunguze mwinuko. Kila mtu amekwisha kuliona kwenye kalenda, nami sitalisifia upya. Ningependa mjue zaidi kwamba karibu na hapo kuna mashamba ya michestinati, na Oktoba njugu zake huchomwa hadi ganda linapasuka. Yaani ndani ya bonde moja, kwa mwendo usiofika saa mbili wa treni, unatoka kwenye barafu ya kudumu hadi kwenye chestinati na, ukivuka mpaka, mizabibu. Hapo ndipo nilipoelewa ile asilimia 100 inawezekanaje. Wana kila ngazi ya hali ya hewa mlangoni.

Kasoro? Zipo, na mpenzi wa kweli huzisema. Bei ni ya Uswisi: sahani moja mgahawani hupita franka 20 bila kuomba radhi. Jikoni hufungwa mchana. Ukijitokeza saa tisa alasiri umetoka mlimani na njaa ya simba, utapewa keki na pole mpaka saa kumi na mbili jioni. Duka dogo nalo hulala mchana. Mpenda pilipili abebe yake, kwa sababu hapa ukali unaishia kwenye kitunguu saumu. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza soseji na nyama zilizokaushwa, maana nyingine ni za ng'ombe na nyingine siyo, na wenyeji hujibu vizuri wakiulizwa. Na siagi, ndugu zangu, siagi ni nyingi. Mpande mlima kwanza.

Bado msimamo wangu uko palepale. St. Moritz ng'ambo ya mlima ina hoteli za wafalme na madirisha ya saa za dhahabu, na abiria wengi wa reli hii huipitia Poschiavo wakiwa wamekaa, wakitazama kwa kioo, wakikimbilia Tirano kuhesabu kwamba wamefika Italia. Nikipewa pesa za usiku mmoja wa hoteli kubwa kule, nitazibadilisha kwa siku kadhaa za chumba cha kawaida hapa chini, pizzoccheri na pakiti za mnanaa, na chenji nitarudi nayo.

Viza ya Schengen inatosha pande zote mbili za mpaka. Njia za juu huwa na theluji hadi Juni, kwa hiyo pangeni kati ya mwisho wa Juni na Septemba, wakati ambao mitishamba nayo inavunwa. Wa chestinati waje Oktoba. Shukeni kituo cha Poschiavo, tafuteni ile alama ya 100% kwenye orodha ya vyakula, na hakikisheni mmekwisha kuagiza kabla ya saa nane mchana.